Kila Nchi Ina Mwanamke

Mliomwacha Jemima nje ya mlango wa watu kule Beni, karibuni tena. Bado amesimama pale pale, viatu vimejaa vumbi la barabara ya Butembo, sikio limegandana na ubao. Na ndani, sauti ya Luc, mchumba wake, inasema kwa Kifaransa laini maneno yale yale tuliyoagana nayo: "Chumba kimoja cha kulala kinatosha. Tuko wawili tu."

Kisha mwanamke akacheka.

Nimesikia mmebishana wiki nzima, mpaka kwa kinyozi, kama Jemima angebisha hodi au angejirudia nyumbani na heshima zake. Hamumjui Jemima. Aliusukuma mlango kwa bega, akaingia bila hodi wala salamu.

Luc alikuwa ameketi mezani mbele ya kompyuta. Juu alivaa shati jeupe na tai. Chini, ambako kamera haifiki, alivaa kaptura na kandambili. Na karibu na dirisha, kwenye kiti cha plastiki, miguu imekunjwa kwa raha zake, alikuwapo Agar.

Agar! Kwa mlioanza kusoma leo: huyu ndiye aliyekuwa mchumba wa Luc kabla ya Jemima. Siku hizi ni déclarante mpakani Kasindi, anawapitishia wafanyabiashara mizigo yao kwenye forodha, na husemwa hakuna lori linalolala mpakani akilishika yeye. Kwa Jemima hayo yote ni porojo. Kwake Agar ana kosa moja tu, kwamba yupo.

Jemima alifika mezani akaubamiza mfuniko wa kompyuta, pa!

"Sasa cheka," alimwambia Agar. "Cheka tena, nisikie muzuri."

"Hapana miye nilicheka," Agar alijibu bila kunyanyuka. "Ni ule Madame wa ndani ya machine."

Luc alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili.

"Jemima, umefanya nini? Ile ni patronne yangu wa kazi! Alikuwa naniuliza jina ya inchi. Neno moja tu, Jemima. Neno moja njo ilibakia!"

Hapo Jemima akatafuta kiti, na kiti hakikuwapo.

Kwa sababu Jemima alijua vizuri uzito wa neno lile. Luc huchora ramani za nyumba. Huzichora akiwa Butembo, kwa kompyuta, kwa niaba ya ofisi moja ya Lyon, nyumba za watu ambao hatawaona maishani. Kazi wanaisifu. Kinachomwangusha ni mtandao. Kila mchana unakatika, umeme nao unaufuata, na jumba la Mfaransa linabaki bila paa mpaka jioni. Madame amevumilia mpaka akachoka. Akasema: tafuta nchi yenye mtandao na umeme, nchi ambayo mshahara wako unatosha kuishi, unitajie jina lake leo. Ukishindwa, nampa kazi mwingine.

Na bila kazi hakuna harusi. Matangazo yao yameshasomwa parokiani mara mbili. Lakini mzee Vagheni, babake Jemima, ameapa mbele ya ukoo mzima kwamba hamtoi binti yake kwa kijana anayeshinda akitazama kioo cheusi.

Sasa msomaji utauliza: mtu na akili zake anashindwaje kuchagua nchi ya bei nafuu? Luc hakushindwa. Luc alichagua mara tatu. Aliyekuwa akizifunga nchi ni Jemima.

Walianza na Kigoma. Maisha nafuu, samaki tele, Kiswahili kile kile ukikinyoosha kidogo. Lakini aliyewatafutia nyumba kule alikuwa Bénite, ambaye zamani aliimba na Luc kwaya moja. "Sauti yake ilikuwa inafwata yako sana," Jemima alisema, kisha akamwandikia Bénite maneno ambayo gazeti hili haliwezi kuyachapa. Kigoma ikafungwa.

Wakaja Ndola, Zambia. Mwenye nyumba, mama mmoja mjane, alituma picha ya nyumba, naye amesimama barazani anatabasamu. "Juu ya nini anasimama mu photo?" Jemima aliuliza. "Ni yeye banapangisha?" Ndola nayo ikaenda.

Masikini Luc akatoa jasho, akatafuta nchi ambayo hamjui mwanamke hata mmoja. Akaipata Madagascar. Jemima alilifikiria jambo hilo siku nzima, jioni akaja na jibu: "Unatafuta fasi kwenye hakuna mutu anakujua. Unaenda kufanya nini kule?"

Basi ikabaki Fort Portal, Uganda, hapo tu nyuma ya milima. Hewa ya baridi kama ya Butembo, umeme haukatiki ovyo, na nyumba ya bei ya chini mno, yenye vyumba viwili, kimoja cha kulala na kimoja cha kazi. Jemima aliikubali. Aliuliza kila kitu kuhusu nyumba ile isipokuwa jambo moja, na sasa aliliuliza.

"Luc. Nyumba ya Fort Portal ni ya nani?"

Luc akalegeza tai.

"Ya nani?"

"Ni ya kwetu," Agar alijibu badala yake. "Ya famille."

Jemima alimgeukia Luc, wivu umempanda mpaka masikioni.

"Na ulinificha juu ya nini?"

"Juu nakujua!" Luc alifoka. "Ningekuambia, ungefunga Uganda muzima! Kwa Agar kuko connexion, kuko courant ya umeme, nikasema nikuye nisemezane na Madame hapa, tumalize. Mambo yangu na Agar ilisha kuisha, Jemima. Ilisha kuisha zamani."

"Ilisha kuisha, na uko umekaa kwake na kaptura?"

Luc alijitazama miguu.

Na hapo ndipo pazia la mlango wa nyuma lilipofunguka.

Aliingia mama mtu mzima, kitambaa kimefungwa kichwani barabara, mikononi sinia la viazi vya Kipese vinavyotoa mvuke, na bakuli la maharagwe. Alikuwa Mama Kanyere, shangazi yake Agar, dada wa baba yake. Aliteremka juzi kutoka Kipese, kule milimani anakolima na kufuga. Hakumwona Jemima, au aliamua kutomwona. Alikwenda moja kwa moja kwa Luc, akainama kidogo, akaweka sinia.

"Mukwe wangu, kula kwanza. Machine haitoroke."



"Mukwe?" Jemima aliuliza. "Mukwe wa nani?"

Mama Kanyere akageuka, akampima Jemima kutoka kichwani mpaka kwenye vumbi la viatu.

"Wa kwetu. Mukwe anakuwaka wa nani? Mbuzi yake iko kwangu Kipese. Ilisha zala, na batoto yake balisha zala."

Luc alikuwa ameshika kiazi. Akakirudisha kwenye sinia taratibu.

Wasiotoka upande huu nieleze, na nieleze haraka maana moto unawaka. Katika ukoo wa kina Agar, mbuzi wa mahari si mbuzi tu. Wa shangazi ndiye hutolewa wa mwisho, na uchumba ukivunjika ndiye hurudishwa wa kwanza. Baba wa kijana huenda mwenyewe kumdai. Shangazi humkabidhi kwa mkono wake, mbele ya watu, na hapo binti anakuwa huru na kijana anakuwa huru. Mbuzi asiporudi, hakuna kilichovunjika. Kuna uchumba uliochelewa tu.

"Lakini Maman," Luc alisema, jasho linamtoka kama kapanda mlima, "miye na Agar tuliachana. Nilimupigia simu. Nilimuambia yote na adabu."

"Simu?" Mama Kanyere alicheka mpaka kitambaa kikamlegea. "Mbuzi ilisikia simu?"

"Mais, Maman..."

"Baba yako alikuya Kipese na miguu yake, matope mpaka hapa. Alinipatia kamba mu mukono. Nani alikuya kuidai? Nilingoja mwaka ya kwanza. Nilingoja ya pili. Nikasema, mutoto bado anapenda bibi yake, anatafuta kwanza feza. Na ona, feza amepata, na nyumba amekuya kuomba yeye mwenyewe!"

"Nyumba nilisema napangisha..."

"Kupangisha!" Shangazi aligeukia wote, kana kwamba anataka mashahidi. "Ile nyumba kaka yangu alijengea Agar na bwana yake. Mutu wa inje tungemupatia na bei ile? Ile ni bei ya mukwe."

Tazameni mambo. Mwanamke aliyeikosea Kigoma, akaikosea Ndola, akakikosea kisiwa kizima cha Madagascar, hapa Fort Portal alikuwa amepatia. Na kupatia hakukumfurahisha hata chembe. Jemima alijisikia mdogo, na ana hasira, na anaogopa, vyote kwa wakati mmoja. Kwa sababu Luc alikuwa amekosea kosa la watu wa kompyuta. Uchumba ulioingia kwa mbuzi aliutoa kwa simu, akalala usingizi.

Alimgeukia Agar.

"Ulijua?"

Agar alikunjua miguu. Kwa mara ya kwanza tangu mlango usukumwe, alisimama.

"Nilijua."

"Na ukamuita hapa?"

"Sikumuita. Alikuya peke yake, kuuliza nyumba. Miye nilisema tu, iko." Agar alisogea nyuma ya kiti cha Luc. "Unafikiri ni weye peke yako unajuaka wivu, Jemima? Miye nilisha kupima robe ya harusi. Tantine huyu alisha kuchagua kitenge ya bamama. Halafu simu moja, dakika kidogo, bon courage, Agar, Mungu atakupatia mwengine. Na dimanche inafwata naona weye, umekamata mukono yake mbele ya kanisa, unacheka. Miye nilipita kando yenu. Hamukuniona hata!"

Jemima alikumbuka siku ile. Alimwona Agar vizuri sana. Ndiyo sababu alicheka.

"Weye ulifunga inchi zote," Agar alisema. "Miye nilifungula moja tu."



Luc alikuwa ameshainua mfuniko. Kompyuta ikawaka, ikalia. Madame alikuwa ameandika kwamba simu imekatika kama kawaida ya huko, kwamba amechoka na kawaida ya huko, kwamba atapiga mara moja zaidi, sasa hivi, na ni ya mwisho.

"Anapiga," Luc alisema. "Namujibu nini? Jemima, namujibu nini?"

Hilo ndilo lilikuwa swali. Akitaja Fort Portal, anaingia nyumba ya ukwe, chini ya mbuzi wa watu, na Jemima atakuwa mgeni kwake mwenyewe, kila mwezi akimlipa Agar kodi ya huruma. Asipotaja kitu, kazi imekwenda, na mzee Vagheni hana mchezo. Ndola walishampa nyumba mtu mwingine. Madagascar hawana pa kufikia.

Kulikuwa na mlango mmoja tu uliobaki, na Jemima ndiye aliyeubamiza.

"Usimujibu bado," alisema. "Ngojea kidogo. Natoka, narudi."

"Madame hangojake!"

"Basi umuambie habari ya hewa!"

Akatoka mbio hadi uani, akasimama kati ya makopo ya maji na nguo za watu zilizoanikwa, akatafuta jina la Bénite kwenye simu. Wivu wake wote ulikuwa umekaa pale kwenye kidole, ukikataa kubonyeza. Akapiga moyo konde, akabonyeza.

"Allô?"

"Bénite. Ni miye, Jemima."

Bénite akasema taratibu: "Kuko tusi moja ulisahau?"

"Nilikukosea."

"Sisikie muzuri."

"Nilikukosea, Bénite! Ulitutafutia nyumba, miye nikakuandika mabaya. Hapana kitu ulikuwa umefanya. Ni miye. Nawaka tu, siwezi kujizuia, nikiona mutu anamuangalia Luc nasikia kama banachukula kitu yangu."

"Ile message Abdias aliisoma. Bwana yangu! Tulikaa bila kusemezana mu nyumba moja. Alikuwa naniuliza, huyu Luc ni nani, na weye uliimba naye nini?"

Jemima alifunga macho. Kumbe wivu wake ulikuwa umevuka ziwa zima ukaingia nyumba ya watu wengine, ukakaa mezani. Aibu ilimshika vibaya. Alitaka kukata simu, lakini akaing'ang'ania.

"Nitamuambia Abdias miye mwenyewe. Nitakuya na kupiga magoti."

"Magoti yako nitaifanya nini?" Bénite alishusha pumzi. "Utakuya kunisalimia mu mukono, mbele yake, na utasema vile umesema sasa. Ni hiyo tu."

"Na nyumba?" Jemima aliuliza, akiogopa jibu.

"Nyumba iko. Lakini hapana napatia Luc, sitaki tena shida. Napatia weye. Jina yako njo itaandikwa. Clé utakamata weye."

Jemima alilia pale pale, kati ya mashuka ya watu, kilio cha kucheka. Nyumba yake mwenyewe! Kigoma, jina lake, ufunguo wake. Na mbuzi? Babake Luc angekwenda Kipese kumdai ilivyo desturi, yeye na wajukuu wake wote, na Agar awe huru apate wake. Kwa mara ya kwanza tangu ampende Luc, alisikia kifua chake kina nafasi. Hata Agar alimwonea huruma kidogo, kidogo tu.

"Wasingya, Bénite," alishukuru kwa lugha ya kwao. "Wasingya sana."

"Haraka basi, kabla sijageuza roho."

Alijifuta macho kwa kanga, akarudi ndani mbio, jina la nchi liko mdomoni tayari.

Luc alikuwa anazungumza. Shati limenyooka, tai imekazwa upya, kile Kifaransa laini kimerudi.

"Ndiyo, Madame. Uganda. Fort Portal. Nyumba ipo, ni hakika. Tunahama mwisho wa mwezi."

Jemima alisimama mlangoni, simu bado mkononi, na ndani ya simu Bénite anaita, allô, allô. Alimpungia Luc mkono. Alitikisa kichwa: hapana, hapana. Luc hakutazama upande ule.

Kwenye kompyuta Madame alikuwa amefurahi sana. Alipiga makofi. Akasema afadhali, akasema hongera, akauliza kama Luc anahama peke yake.

"Hapana, Madame," Luc alisema. "Nahama na mke wangu."

"Vizuri sana! Yuko hapo? Mwite basi nimsalimie."

Mama Kanyere aliweka mikono kiunoni. Agar alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha Luc, karibu sana, hajasogea. Jemima alikuwa mlangoni, machozi yake ya furaha bado hayajakauka.

Luc akainua macho kutoka kwenye kompyuta. Akamtazama Agar kwanza.